Usimbaji fiche wa diski na mifumo miwili ya uendeshaji

Usimbaji fiche wa diski ni kuhifadhi data kwa namna isiyosomeka bila ufunguo, hata diski ikichomolewa na kutiwa kwenye mashine nyingine. Kuweka mifumo miwili ni kuigawa diski ili mtumiaji, kila anapowasha, achague kuingia Windows au Linux. Mambo haya mawili hayapatani kirahisi. Ulinzi wa kisasa wa diski hautazami nywila tu, hutazama pia kompyuta imewaka kwa njia gani, na mfumo wa pili huibadilisha njia hiyo. Kisiwani Pemba tatizo ni lilelile la kwingineko, ila umeme na mtandao hulifanya kosa dogo kuwa ghali.

Haja ya vyote viwili ni ya kweli. Kazi za ofisi na programu nyingi za uhasibu zimezoeleka kwenye Windows. Linux ni ya bure, haichoshi kompyuta za mtumba, na hupendwa na wenye kuchambua takwimu. Usimbaji nao si anasa. Kompyuta mpakato hupanda boti kati ya Mkoani na Unguja pamoja na mizigo mingine, na baadhi yake hubeba taarifa za watu. Wawi, karibu na Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kujulikana kwa utafiti wa kichocho na minyoo. Data za wagonjwa katika utafiti wa aina hiyo si za kuachwa wazi kwenye diski inayoweza kusahauliwa bandarini.

Ufunguo unavyofungwa

BitLocker, usimbaji wa Windows, ulitoka na Windows Vista iliyoingia madukani mwaka 2007. Kwa kawaida ufunguo wake hulindwa na chipu iitwayo TPM. Mashine inapowaka, kila programu hupimwa kabla ya kupewa zamu na vipimo hutunzwa ndani ya chipu, kama bawabu anayekariri sura za wapitao mlangoni. Vipimo vikilingana na vya siku ulinzi ulipowekwa, chipu huutoa ufunguo na mtumiaji hajui hata kwamba kuna kufuli. Visipolingana, skrini ya buluu hudai ufunguo wa dharura: tarakimu 48, katika mafungu manane ya sita sita.

Linux inapoingia huja na GRUB, programu inayoonyesha orodha ya mifumo na kuita uliochaguliwa. Hakuna aliyeiba kitu, lakini sura mpya imepita mlangoni. Ndiyo maana Windows ikiitwa kupitia GRUB hudai tarakimu 48, na pengine ikiitwa moja kwa moja kutoka menyu ya kuwashia ya mashine yenyewe (F12 au F9, kutegemea mtengenezaji) hufunguka bila swali. Wengi hukata tamaa na kuzima BitLocker kabisa, ilhali kuiita Windows kutoka menyu hiyo kungetosha.

Swali gumu ni tarakimu hizo ziko wapi. Tangu Windows 11 toleo la 24H2, la mwaka 2024, mashine nyingi zinazowekewa mfumo upya husimbwa zenyewe, hata za toleo la nyumbani. Mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo wa dharura hupelekwa huko. Asipoingia kwa akaunti, data husimbwa lakini ufunguo huachwa wazi juu ya diski, yaani kufuli lipo na ufunguo umening'inia. Sasa fikiria kompyuta iliyopelekwa kwa fundi "kupigwa Windows", naye akafungua akaunti yake ili amalize kazi upesi. Mwenye mashine hana tarakimu, na huenda fundi mwenyewe amekwisha kuisahau akaunti. Nakala iliyoandikwa kwenye karatasi na kuwekwa mbali na kompyuta haihitaji mtandao wala kumbukumbu ya mtu.

Kabla ya kuweka Linux, BitLocker husimamishwa kwa muda, si lazima ifutwe. Ila usimamishaji wa kawaida hudumu kwa uwashaji mmoja tu, na kuweka Linux huhitaji zaidi ya hapo. Nafasi ya Linux hutengwa kutoka ndani ya Windows, kwa sababu kwa miaka mingi kisakinishi cha Ubuntu kilikataa kugusa sehemu iliyosimbwa kwa BitLocker.

Upande wa Linux

Linux hutumia LUKS, usimbaji wake wa diski. Mwanzoni mwa sehemu iliyosimbwa hukaa kichwa chenye ufunguo mkuu, nao umefungwa kwa nywila. Windows haikitambui. Hasa kwenye diski ya nje, huiona sehemu hiyo kama tupu na kumwuliza mtumiaji kama angependa kuifomati. Akikubali, kichwa huweza kuharibika, na bila kichwa nywila sahihi haifungui kitu. Amri ya cryptsetup luksHeaderBackup hutoa nakala yake, faili dogo la kuwekwa kwenye flashi.

Faili za kutumiwa na mifumo yote miwili ni shida nyingine. Windows haisomi LUKS. Linux husoma BitLocker kwa programu ya dislocker, na tangu 2020 kwa cryptsetup pia. Njia nyepesi ni kasha (faili moja lililosimbwa) la programu ya VeraCrypt, mrithi wa TrueCrypt, linalofunguka pande zote mbili.

Tatizo huweza pia kutoka kwenye masasisho. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilizizuia Linux nyingi kuwaka kwenye mashine za mifumo miwili. Ujumbe ulisema ukaguzi wa SBAT, yaani wa matoleo ya programu za kuwashia, umeshindwa. Mtumiaji hakuwa amegusa chochote.

Umeme

Pemba ilitegemea jenereta za dizeli hadi mwaka 2010, ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari. Hata hivyo umeme bado unaweza kukatika katikati ya kazi. BitLocker ikikatikiwa na umeme katikati ya usimbaji huendelea pale ilipoachia. Kupunguza au kusogeza sehemu za diski hakuna uvumilivu huo, na kompyuta ya mezani haina betri. Nakala ya data huchukuliwa kwanza, na kazi hufanywa kwa UPS au kwenye mpakato uliojaa chaji.

Mwenye RAM ya kutosha anaweza kuendesha Linux kama mashine pepe ndani ya Windows. Usimbaji huwa mmoja na njia ya kuwasha haiguswi. Kwenye kompyuta ya mtumba yenye gigabaiti 4 haifai. Hapo ni heri diski mbili, kila mfumo na yake, na ile ya Windows ichomolewe wakati wa kusakinisha Linux.