Panda: sheria bila mkaguzi

Komini ya Panda, mjini Likasi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikua kando ya viwanda vya shaba vya Union Minière. Ndiyo maana historia ya matunzo ya wagonjwa na walemavu huko inaanzia kwenye daftari za kampuni, si kwenye gazeti la serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaajiri watu kwa mikataba mirefu pamoja na familia zao, ikawapa nyumba, posho na hospitali. Matunzo hayo yalikuwa ya kweli, wala si haki kuyabeza. Lakini daktari aliyeamua kama aliyeumia kiwandani angali anafaa kazi alilipwa na mwajiri yuleyule. Nyumbani kwao, Wabelgiji walioitawala Kongo wakati huo walikwisha kuiona hatari ya namna hiyo: sheria yao ya tarehe 18 Juni 1850 kuhusu wagonjwa wa akili, iliyotokana na juhudi za daktari Joseph Guislain, ilimwamuru mwendesha mashtaka kuzitembelea nyumba za wagonjwa kila miezi mitatu. Ilitaja nani aingie, na lini.

Mwaka 2003 Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na maelfu ya familia zikapoteza matibabu ya kampuni. Serikali ilipaswa kuijaza nafasi hiyo. Sheria zimekuja: ya afya ya umma mwaka 2018, kisha ile ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za wenye ulemavu. Ni ushindi wa watu waliozipigania kwa miaka. Hata hivyo haki iliyotangazwa Kinshasa haivuki kizingiti cha chumba cha maombi ambamo mgonjwa wa akili amefungwa kamba, wakati kituo cha matibabu ya akili chenye jina la Guislain kiko Lubumbashi, umbali wa kilomita 120 hivi.

Wapo wanaosema ukaguzi ni anasa pale dawa zenyewe hazipo. Mimi naona kinyume: pasipo mkaguzi, hakuna atakayejua dawa zimekosekana wapi, wala nani anateseka kwa kuzikosa. Tena kifungu cha 204 cha Katiba ya 2006 kinaipa mikoa kazi ya kutekeleza na kukagua sheria za tiba. Basi Bunge la Haut-Katanga, mkoa ambamo Likasi imo, halina haja ya kungoja Kinshasa. Linaweza kupitisha sheria yake ya mkoa inayomtaja mkaguzi wa Panda, muda wa ziara zake, na hakimu atakayepokea ripoti.