Kuupanda Mlima Kenya kutoka Isiolo: Njia ipi inafaa?

Asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajatanda, mkazi wa Isiolo akigeuka upande wa kusini huweza kuviona vilele vya Mlima Kenya. Kwa kuwa vinaonekana kana kwamba viko jirani, ni rahisi mtu kudhani kwamba atafunga mkoba Ijumaa, afike juu Jumamosi na kuwa nyumbani Jumapili. Dhana hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

Mlima huu ni wa pili kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro. Kilele chake kirefu zaidi, Batian, kina mita 5,199 juu ya usawa wa bahari, nacho Nelion kina mita 5,188. Hivyo viwili ni vya wakwezi wa miamba wenye kamba na ujuzi maalum. Kilele cha watembeaji wa kawaida ni Lenana, chenye mita 4,985. Huko ndiko Kisoi Munyao alikopandisha bendera ya Kenya wakati wa uhuru mnamo Desemba 1963.

Njia kuu za kufika Lenana ni tatu: Sirimon, Naro Moru na Chogoria. Wengi huchagua kwa kuangalia ni ipi iliyo fupi au ya bei nafuu. Hata hivyo, swali la kwanza linalopasa kuulizwa ni hili: kila usiku nitalala kwenye mwinuko gani?

MWILI NA MWINUKO

Mji wa Isiolo uko takriban mita 1,100 tu juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa, wala si saa. Ugonjwa wa mwinuko huweza kumpata mtu aliyepita mita 2,500. Ujana na nguvu za misuli si kinga. Aghalabu kijana mwenye mbio ndiye huugua, kwa sababu hufika juu kabla mwili wake haujawa tayari.

Kanuni inayotolewa na wataalamu wa tiba ya milimani ni kwamba, ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala usiku uliotangulia. Tuzipime njia hizo tatu kwa kanuni hiyo.

SIRIMON

Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na mkazi wa Isiolo. Barabara hupanda hadi Subuiga, hupita Timau kuelekea Nanyuki, na njia ya kwenda langoni huchepuka takriban kilomita 15 kabla ya kufika Nanyuki. Lango liko mita 2,650. Kutoka hapo ni mwendo wa takriban kilomita tisa hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili ni ndefu, kupitia bonde la Mackinder hadi kambi ya Shipton, takriban mita 4,200. Kilele hupandwa alfajiri inayofuata.

Uzuri wake ni kwamba mteremko wake si mkali sana, na upande huu wa mlima hupata mvua kidogo kuliko mashariki na kusini. Kasoro yake iko katika hesabu ya usiku. Mtu aliyeamka Isiolo na kulala Old Moses amepanda mita 2,200 kwa siku moja, na kesho yake ataongeza mita 900 nyingine. Dawa yake ni kulala Old Moses siku mbili. Siku ya katikati tembea hadi juu zaidi kwa saa chache, kisha urudi kulala pale pale.

NARO MORU

Njia hii huanzia mji wa Naro Moru, kusini mwa Nanyuki. Ndiyo ya haraka kuliko zote, na kwa sababu hiyo huwavutia wenye siku chache. Lango liko takriban mita 2,400, na usiku wa kwanza hulaliwa Met Station, mita 3,050. Kesho yake msafiri huvuka kinamasi cha mteremkoni, ambacho wakati wa mvua hummeza mguu hadi gotini, kisha hufuata bonde la Teleki hadi kambi ya Mackinder, takriban mita 4,200. Kutoka kitanda kimoja hadi kingine ni mita 1,150, yaani zaidi ya maradufu ya kiwango kinachopendekezwa. Kwa mtu atokaye nyanda za chini kama Isiolo, hii haifai kuwa chaguo la kwanza. Akiichagua, aongeze usiku mmoja Met Station.

CHOGORIA

Kutoka Isiolo, msafiri hupitia Meru na Nkubu hadi Chogoria, katika Kaunti ya Tharaka-Nithi. Kutoka mjini hadi langoni ni takriban kilomita 30 za barabara ya msituni ambayo wakati wa mvua huhitaji gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Gharama ya usafiri kwa hiyo huwa kubwa, na upande huu wa mashariki hupata mvua nyingi.

Pamoja na hayo, ndiyo njia inayoukubali mwili kuliko zote. Usiku wa kwanza hulaliwa langoni, mita 2,950. Wa pili karibu na Ziwa Ellis, takriban mita 3,500. Na wa tatu kando ya Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000, au juu zaidi katika kambi ya Mintos. Hapana mruko mkubwa. Isitoshe, mandhari ya magenge na maziwa ya huku husifiwa kuwa bora katika mlima mzima.

DALILI ZA HATARI

Kuumwa na kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi ni dalili za awali. Mwenye nazo asipande zaidi mpaka zimwishe. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa ameketi, basi ubongo umevimba au mapafu yanajaa maji. Hapo hapana kusubiri kupambazuke. Ateremshwe mara moja, akiwa na mwenzake, hata kama ni usiku wa manane na kilele kimebaki saa moja. Zipo dawa za kusaidia mwili kuzoea, lakini zitumiwe kwa ushauri wa daktari kabla ya safari, na haziwezi kuchukua nafasi ya kuteremka.

MAANDALIZI

Miezi iliyo mikavu ni Januari na Februari, na tena Julai hadi Septemba. Usiku katika kambi za juu baridi hushuka chini ya sifuri, kwa hiyo koti zito, glavu, kofia na kurunzi ni vitu vya lazima. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo husimamia mbuga hii, haliruhusu mtu kupanda peke yake. Ada hulipwa kwa njia ya kielektroniki, si kwa pesa taslimu, na kwa kuwa hubadilika, ni vyema kuuliza kabla ya kuondoka nyumbani. Kodi mwelekezi aliyesajiliwa, na mkubaliane mapema kwamba neno lake la kurudi chini halipingwi.

Kwa muhtasari, mwenye siku tano na fedha za usafiri achague Chogoria. Mwenye siku nne au tano na bajeti ya wastani achague Sirimon, alale Old Moses mara mbili. Mwenye siku tatu pekee na aahirishe safari hadi apate likizo ndefu zaidi. Lenana haihami, na mwenda pole hajikwai.