Rafiki: Historia ya Jina katika Filamu Huru za Wanawake Wapendanao

Utangulizi

Tarehe 27 Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu ambayo jina lake hukutwa na kila mgeni anayejifunza Kiswahili katika somo la kwanza. Filamu hiyo, Rafiki, iliongozwa na Wanuri Kahiu, nayo inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki. Siku chache baadaye, mwezi Mei, ilionyeshwa katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika uteuzi rasmi wa tamasha hilo. Hivyo wageni waliitazama kabla ya wenyewe.

Marufuku hiyo imejadiliwa sana kwa upande wa sheria na wa maadili. Upande wa lugha unastahili uzito uleule. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba filamu huru zinazohusu wanawake wapendanao hukabili tatizo la msamiati kabla ya tatizo la fedha au la sheria: mtu ajitajeje, ikiwa lugha yake imempa ama tusi ama kimya? Kwa filamu huru hukusudiwa zile zinazotengenezwa nje ya kampuni kubwa za sinema, kwa fedha za kuungaunga, na ambazo mwongozaji ndiye mwenye kauli ya mwisho. Uhuru huo ndio uliowawezesha wanawake kadhaa, katika nchi mbalimbali, kuuliza swali la jina mbele ya watazamaji.

Swali lilivyoulizwa kwingine

Mifano miwili ya mwaka 1996 yatosha kuonyesha sura mbili za swali hilo. Nchini Marekani, Cheryl Dunye alitoa The Watermelon Woman, filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na mwanamke Mweusi aliyejitambulisha hadharani kuwa anapenda wanawake. Mhusika mkuu anamtafuta mwigizaji Mweusi wa zamani ambaye orodha za waigizaji hazikumtaja kwa jina lake, ila kwa jina la kubandikwa, "Mwanamke wa Tikitimaji". Mwisho wa filamu mtazamaji anaarifiwa kwamba mwigizaji huyo, pamoja na picha zake zote za kale, alibuniwa. Pale ambapo kumbukumbu haikuwekwa, Dunye aliiunda, na akakiri hadharani kwamba ameiunda. Ruzuku ya serikali aliyopewa, dola 31,500, ilizua malalamiko katika Bunge la nchi hiyo.

Mwaka huohuo Deepa Mehta alitoa Fire, hadithi ya wake wawili wa ndugu katika nyumba moja ya Delhi, Radha na Sita. Katika filamu hiyo mmoja wao anasema kwamba lugha yao haina neno la kueleza walivyo wao kwa wao. Filamu ilipoonyeshwa India mwaka 1998, wafuasi wa chama cha Shiv Sena walivamia majumba ya sinema ya Mumbai na Delhi. Majina nayo yaliingia katika ugomvi, kwa kuwa Radha na Sita ni majina yanayoheshimiwa katika dini ya Kihindu. Katika toleo la Kihindi Sita aliitwa Nita. Filamu ilirudishwa kwa wakaguzi, nao wakaruhusu ionyeshwe tena mwaka 1999 bila kukatwa. Kauli ya "hakuna neno" ilipingwa pia na baadhi ya watetezi wa wanawake, walioona kwamba maneno yalikuwapo na kwamba kilichokosekana ni ruhusa ya kuyatamka. Tofauti hiyo, kati ya kukosa neno na kukosa ruhusa, ndiyo inayofaa kupimwa katika Kiswahili.

Ushahidi wa msamiati wa Pwani

Kiswahili hakiwezi kudai kwamba hakina neno. Kina msagaji na usagaji. Umbo lake halina utata: ni mzizi -saga, kitenzi cha Kibantu cha jiwe na nafaka, pamoja na kiambishi cha mtenda. Taswira yake hata hivyo ina ndugu ng'ambo. Kiarabu nacho huuita uhusiano huo sihaq, kutoka mzizi wenye maana ya kuponda na kusaga. Yaelekea basi kwamba neno la Pwani ni tafsiri ya kale ya taswira ya Kiarabu, iliyovishwa mzizi wa nyumbani. Lolote litakaloamuliwa kuhusu asili hiyo, jambo moja linabaki: neno hili halikuletwa na sinema wala na mashirika ya Ulaya. Ni zao la mawasiliano ya Bahari ya Hindi, kama yalivyo maelfu ya maneno mengine ambayo hakuna anayeyaita ya kigeni.

Ushahidi wa msamiati unaungwa mkono na ule wa maisha. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Gill Shepherd alichapisha utafiti kuhusu Mombasa, akieleza wanawake waliojulikana mitaani mwao kuwa na wapenzi wanawake, na jinsi mali na daraja ya mtu vilivyoamua heshima yake kuliko mapenzi yake. Wataalamu waliofuata wamebishana naye kuhusu ufafanuzi huo, kwa kuona kwamba ameupa uchumi nafasi kubwa mno na hisia nafasi ndogo. Kuwapo kwa wanawake hao si jambo walilobishania.

Hata hivyo msagaji ni neno la mtu wa tatu. Husemwa juu ya mtu, aghalabu asipokuwapo, na hutaja tendo la mwili bila kugusa pendo. Sheria nayo imelichukua kwa maana hiyohiyo: mwaka 2004 Zanzibar iliingiza usagaji katika sheria yake ya adhabu, kwa kifungo kisichozidi miaka mitano.

Kisa cha neno shoga kinafundisha zaidi. Kwa wanawake wa Pwani, shoga ni mwandani, mwanamke mwenzio wa kuambiana siri. Huitana hivyo mbele za watu bila haya. Neno hilohilo limetumika pia kwa mwanamume anayehesabiwa kuchukua nafasi ya mwanamke, na maana hii ya pili ndiyo iliyoenea bara. Magazeti na redio zimeufanya ushoga kuwa jina la jumla la uhusiano wa jinsia moja, hata ule wa wanawake. Hivyo neno lililokuwa la upendo kati ya wanawake limerudi kwao likiwa shutuma.

Sarufi inayoficha na sarufi inayofichua

Pamoja na msamiati kuna sarufi. Kiswahili hakina jinsia katika viwakilishi. Yeye ni mwanamume au mwanamke. Mpenzi vivyo hivyo. Rafiki vivyo hivyo. Mfasiri wa utenzi au wimbo wa taarabu kwenda Kiingereza hulazimika kuchagua jinsia ambayo mtunzi hakuitaja. Sitara hiyo imo katika lugha yenyewe, wala haihitaji hila ya msemaji.

Katika kitenzi cha ndoa sitara hiyo huondoka. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, baba huoza. Mnyambuliko wa kutendwa umebeba mpangilio mzima wa mamlaka, na watetezi wa wanawake wameutaja mara nyingi kama mfano wa itikadi iliyojificha katika sarufi. Lakini lugha hiyohiyo ina mnyambuliko wa kutendana: pendana, saidiana, oana. Hapo hakuna mtenda na mtendwa. Kila mmoja ni vyote viwili. Wanawake wapendanao hawana pa kusimama kati ya oa na olewa. Katika pendana wanapo.

Kutoka mti wa Kampala hadi duka la Nairobi

Rafiki imetokana na hadithi fupi ya Kiingereza, "Jambula Tree", ya mwandishi wa Uganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ni mti ambao kwa Kiswahili huitwa mzambarau. Hadithi ni barua ya Anyango kwa Sanyu, aliyepelekwa London baada ya wawili hao kufumaniwa. Kahiu aliihamishia Nairobi, akaiandika upya pamoja na Jenna Bass kwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kiswahili na Sheng, yaani lugha ambayo vijana wa jiji hilo huisema kweli.

Uhamisho huo ulileta mambo mawili. Kwanza, mapenzi yalitiwa ndani ya siasa: baba za wasichana hao ni wapinzani katika uchaguzi wa mtaa, na kura zao zinategemea sifa ya binti zao. Pili, suala la wanawake kwa jumla liliwekwa mbele. Kena anatarajia kuwa muuguzi. Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Mama yake Kena, aliyeachika, anajua kwamba lawama za mtoto zitamwangukia yeye. Anayeeneza umbea katika kioski chake ni mwanamke vilevile. Filamu haiwagawi watu kuwa wanaume wabaya na wanawake wema. Inaonyesha jinsi jamii inavyowatumia wanawake kuwalinda wanawake wenzao wasitoke mstarini.

Jina la filamu lilichaguliwa kwa kukusudia. Kwa maelezo ya Kahiu, Wakenya wa jinsia moja wanaopendana hulazimika kumtambulisha mwenzi kama "rafiki". Asili ya Kiarabu ya neno hilo, rafiq, ni mwenzi, hasa wa safari. Hapa basi ndipo Kiswahili kinapojibu tofauti na kauli ya Fire. Neno lipo, nalo ni la heshima, linatamkwa mbele ya wazazi na majirani. Gharama yake ni kwamba linasema nusu ya kweli.

Neno mbele ya sheria

Bodi ilidai kwamba filamu ilikusudia kuendeleza usagaji kinyume cha sheria. Yafaa kukumbuka kwamba kanuni ya adhabu ya Kenya, urithi wa ukoloni, hutumia fumbo la mwenendo ulio "kinyume cha maumbile", na kifungu chake cha aibu ya jinsia moja huwataja wanaume pekee. Kahiu ameeleza pia kwamba Bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe uonyeshe majuto, naye akakataa.

Kesi ilifunguliwa kwa msingi wa uhuru wa kujieleza katika Katiba ya 2010. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu itazamwe na watu wazima, akisema hakuamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi ya maadili yake kutikiswa na filamu. Majumba ya sinema ya Nairobi yalijaa. Mwaka 2019 Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika FESPACO, Ouagadougou. Mwezi Aprili 2020 Mahakama Kuu, mbele ya jaji mwingine, ilikubaliana na Bodi.

Rafiki haikuwa ya kwanza kukumbwa na hayo. Mwaka 2014 Stories of Our Lives, ya kikundi cha Nest cha Nairobi, ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku. Kisa chake cha kwanza kinahusu wanafunzi wawili wa kike, na jina lake la Sheng ni "Itisha Poa": omba kwa upole.

Hitimisho

Mambo matatu yanawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Mtunga kamusi hana mamlaka ya kufuta matumizi asiyoyapenda, lakini ana wajibu wa kubainisha lipi ni tusi, lipi ni istilahi na lipi ni neno la mapenzi. Kuweka shoga la wanawake wa Pwani chini ya shoga la magazeti ni kupotosha historia. Mfasiri wa maandishi ya filamu anayeandika msagaji pale mhusika aliposema mpenzi wangu amemhukumu mhusika kabla ya mtazamaji kufanya hivyo. Na yeyote anayedai kwamba jambo fulani ni geni kwa Waswahili sharti kwanza aulize lugha yao imelitaja tangu lini.

Katika mandhari ya mwisho ya Rafiki miaka imepita. Kena amekuwa daktari, Ziki amerudi kutoka London, na mkono unawekwa begani. Filamu inakoma hapo. Kiswahili kina neno la kutaja walivyo wawili hao, nalo ni la zamani, linajulikana na kila mtu, na halijawahi kuwa tusi. Wazungumzaji ndio watakaoamua kama neno hilo laweza kusemwa kwa maana yake yote.