Njia za Miguu katika Nchi ya Chai

Mito mingi ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, huanzia Msitu wa Mau na kuteremka kuelekea magharibi. Itare, Kiptiget, Chemosit na Kipsonoi yote humwaga maji yake katika mto Sondu. Kati ya mto na mto pana mgongo mrefu wa ardhi, na watu hujenga juu ya migongo hiyo. Kutembea kwa kuufuata mgongo si kazi. Kazi ni kuvuka bonde kumfikia jirani wa ng'ambo.

Wakipsigis, wenyeji wa eneo hili, zamani hawakuishi katika vijiji vya kusongamana. Maboma yalitawanyika, na kadhaa kati yake yaliunda kokwet, yaani ujirani wenye wazee wake wa kuamua kesi na kuwaita watu kazini. Njia zilifuata mahitaji ya ng'ombe: kwenda mtoni, malishoni na mahali pa kulamba chumvi. Kwa kuwa malisho yalikuwa ya wote, mpita njia alikata moja kwa moja bila kumwomba mtu ruhusa, na vivuko vya mito vilijulikana na kila mtu.

Reli ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na kituo cha Lumbwa, ambacho leo ni Kipkelion, kikawa mlango wa kuingilia Kericho. Ardhi kubwa ya Wakipsigis ilitwaliwa na kugawiwa walowezi. Katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na African Highlands Produce Company zilianza kupanda chai kwa wingi. Jani lililochumwa halivumilii kusubiri. Lisipofika kiwandani siku hiyohiyo huharibika. Kwa sababu hiyo mashamba makubwa yalichongewa barabara nyingi zenye makutano ya karibu karibu, zote zikielekea kiwandani na kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi. Zilikuwa barabara nzuri, lakini hazikuchorwa kwa ajili ya mtu wa kokwet ya jirani anayetaka kupita.

Chai yenyewe ni ukuta. Michai iliyokomaa hushikana matawi na kuwa kama meza iliyo sawasawa hadi kiunoni. Anayepenya asubuhi kati ya safu hutoka amelowa umande, na mwenye mzigo au baiskeli hapiti kabisa.

Nje ya mashamba ya kampuni, njia zilibanwa na mabadiliko mengine. Wakipsigis walianza kuzungushia mashamba yao ua mapema kuliko jamii nyingi za Kenya, kilimo cha mahindi kilipoanza kulipa, na baadaye upimaji wa ardhi ukaleta hati za kumiliki. Njia iliyokuwa ikikata katikati ya malisho ilisukumwa pembezoni, ikaanza kufuata mipaka na kona zake. Wakulima wadogo walianza kupanda chai katika miaka ya 1950, na mamlaka ya chai ya wakulima hao, KTDA, ilipoundwa mwaka 1964, vituo vya kununulia majani vilienea vijijini. Mkulima alibeba majani mgongoni hadi kwenye mizani, lori likayachukua kutoka hapo. Kituo kikawa kitovu kipya cha ujirani, na barabara zilijengwa kwa kuzingatia mahali ambapo lori lingefika. Kuanzia 1974, mpango wa taifa wa barabara za vijijini uliajiri wenyeji kuchimba kwa jembe, sururu na toroli.

Je, urahisi wa kufika hupimwaje? Kipimo kinachotajwa zaidi leo ni kile cha Benki ya Dunia cha mwaka 2006: sehemu ya watu wa mashambani wanaoishi ndani ya kilomita 2 za barabara inayopitika misimu yote, umbali wa kutembea dakika 20 hadi 25. Kinafaa kwa taifa zima, ila umbali huo ukipimwa kwa ramani tu, mto hauonekani. Kipimo cha pili, cha kuhesabu makutano ya njia, hukosea zaidi hapa: shamba la kampuni lingepata alama za juu kuliko kokwet, ingawa barabara zake ni za binafsi.

Kinachoiona Kericho kama ilivyo ni uwiano wa mzunguko, yaani urefu wa njia halisi ukigawanywa kwa umbali wa moja kwa moja. Chukua mfano wa nyumba na shule zinazotazamana ng'ambo ya bonde, mita 700 kati yake. Daraja la magari likiwa mbali kiasi kwamba mtoto hulazimika kutembea mita 4,200, uwiano ni 6. Wakiweka kivuko cha miguu cha mbao kinachofupisha mwendo kuwa mita 1,050, uwiano hushuka hadi 1.5, bila kuongeza hata mita moja ya barabara. Mvua ikikisomba kivuko hicho, uwiano hurudi 6 siku hiyohiyo. Hivyo kipimo cha haki hufanywa mara mbili, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na huhesabu vivuko kabla ya barabara.

Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, na bodaboda zikajaa kwenye miinuko ambayo baiskeli haikuwahi kuizoea. Bodaboda imefupisha muda wa safari kwa mwenye nauli, lakini nayo huzunguka hadi kwenye daraja la magari. Tangu 2013, sehemu kubwa ya barabara za mashambani iko mikononi mwa serikali za kaunti za Kericho na Bomet, na pamoja nayo mzigo wa vivuko vidogo vya miguu.