Tarishi, Waya na Daftari katika Nchi ya Wakamba

Neno uvoo katika lugha ya Wakamba ni habari, nalo ndilo salamu yao vilevile, kama ilivyo kwetu sisi tunaomwambia mtu "habari yako" ilhali hatukusudii hata kidogo kungoja jibu. Na Injili ilipotafsiriwa kwa Kikamba haikupewa jina jingine ila Uvoo Museo. Nalitanguliza neno hili ili msomaji asidhani kwamba habari za masafa marefu zililetwa Kitui na Makueni na serikali. Katika karne ya 19, kabla bendera yoyote ya Kizungu haijapandishwa bara, misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka kutoka Kitui hadi Rabai na Mombasa na pembe za ndovu, ikarejea na nguo, shanga na nyaya za shaba, na katika marejeo hayo ikabeba pia bei za soko, uvumi wa vita na majina ya watu wa mbali. Tajiri mmoja wa misafara hiyo, Kivui Mwenda, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf na kumsimulia habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, ambao Krapf aliuona kwa macho yake kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Huko Uingereza wakatokea wataalamu wa jiografia waliomdhihaki, wakishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa Ikweta. Habari ilikuwa sahihi, ilisafiri miezi, ikafika kwa mtu aliyekwisha kuamua asiiamini. Nami nimeyaona mambo hayo hayo yakitendeka katika ofisi zenye tarakilishi juu ya kila meza.

Fauka ya hayo, Krapf katika vitabu vyake alimwandika mwenyeji wake Kivoi, na wazungu waliomfuata wakanakili hivyo hivyo, hata leo jina lake lina sura mbili. Kosa dogo la herufi moja, msomaji atasema. Na alikumbuke, kwani tutakutana nalo tena.

Simu nayo asili yake ni neno la Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni waya. Waya wa baharini ulifika Zanzibar mwaka 1879, ukaifikia Mombasa mwaka 1890, na ilipoanza kujengwa reli ya Uganda mwaka 1896, nyuzi za telegrafu zikapandishwa bara sambamba na mataruma, kwa kuwa gari la moshi lisilo na habari za gari lililo mbele yake ni maangamizi matupu. Hivyo ndivyo waya ulivyoingia katika nchi tuiitayo leo Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, kisha stesheni iliyopewa jina la Sayyid Hamud bin Muhammad, Sultani wa Unguja wa zama hizo, ambayo hata sasa huitwa Sultan Hamud, na mwezi wa Mei 1899 reli ikafika Nairobi. Wazee wa Ukambani husimulia kwamba nabii Syokimau alikwisha kulitabiri joka hilo refu kabla halijaonekana, pamoja na watu watakaobeba moto mifukoni mwao, yaani viberiti.

Walakini kufikiwa na waya si sawa na kuhudumiwa na waya. Kibanda cha telegrafu cha stesheni kilikuwa mali ya reli, na maneno yaliyogongwa humo yalihusu maji ya injini, kuni, makuli na vipuri, ilhali raia walio wengi walikaa juu milimani, Mbooni na Kilungu, wakiutazama moshi kwa mbali. Ama Kitui, iliyokuwa kitovu cha misafara ya kale, reli haikuigusa kabisa. Njia kuu ya habari ilihama kusini, na nchi iliyokuwa ikipeleka habari pwani ikajikuta inangoja kuletewa.

Kwa miaka mingi iliyofuata, mtandao wa serikali katika Kitui ulikuwa miguu ya tarishi. Amri ilitoka Nairobi kwa waya au kwa gari hadi mahali fulani, na kutoka hapo ikachukuliwa na mtu aendaye kwa miguu, barua yake imebanwa katika ufa wa kijiti ili isiloe jasho la mkono, mpaka kwa chifu ambaye aghalabu alihitaji mtu mwingine wa kumsomea. Kitui ni nchi pana, zaidi ya kilomita mraba 30,000, na mito yake, Tiva, Thua na mingineyo, ni mito ya mchanga: mwaka mzima huvukwa kwa viatu vikavu, kisha mvua ikinyesha milimani hushuka maji ya ghafla, na tarishi huketi ukingoni akingoja, na amri ya Mheshimiwa Gavana huketi naye. Sidhani kwamba raia waliusikitikia sana ucheleweshaji huo, maana katika barua kumi, tisa zilikuwa za kodi na vibarua.

Lakini upande wa pili wa jambo hili ndio mzito zaidi, nao ni daftari. Dola haitumi habari tu, huzikusanya pia. Na dola ya kikoloni ilitaka kujua idadi ya nyumba ili itoze kodi, idadi ya wanaume ili ipate wafanyakazi, na idadi ya ng'ombe kwa sababu tutakazoziona. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, na kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, karatasi yenye jina, alama za vidole, na maneno ya mwajiri wake juu ya kazi na mshahara, iliyokunjwa ndani ya kikopo cha chuma na kutundikwa shingoni. Watu wakakilinganisha na kengele ya mbuzi. Kikopo kimekwisha, kipande kimebadilika kuwa kadi, lakini neno halikufa: mpaka leo mtu wa Kitui akiulizwa kitambulisho hutoa "kipande" mfukoni.

Hapo karani alipatwa na mashaka ambayo hakuna mashine iliyoyaondoa. Huyu ana umri gani? Wakamba hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, waliipa majina kwa ukame na njaa, nayo ni hesabu yenye machungu yake lakini ni hesabu kamili: njaa kubwa ya mwisho wa karne ya 19 huitwa Yua ya Ngomanisye, na ile ya baada ya uhuru, ambapo fedha zilikuwapo na chakula hakikuwapo, huitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nami nimeshika mkononi. Karani humwuliza mzee alikuwa mkubwa kiasi gani njaa fulani ilipoingia, kama alikuwa akichunga mbuzi au alikuwa bado mgongoni mwa mama, kisha akaandika mwaka mmoja wa Kizungu kwa wino wa serikali. Hata katika sensa za baada ya uhuru makarani walipewa kalenda za matukio ya namna hiyo, kila wilaya na yake. Kwa hiyo tarehe nyingi za kuzaliwa zilizomo katika mashine za leo, zilizopangwa siku, mwezi na mwaka kwa unadhifu mkubwa, chimbuko lake ni kumbukumbu ya njaa na mazungumzo ya dakika tano chini ya mwembe.

Mwaka 1938 daftari lilizaa fitina. Serikali ilikuwa imeona kwamba ng'ombe katika hifadhi ya wenyeji ya Machakos, ambayo wakati ule ilijumuisha sehemu kubwa ya Makueni ya leo, wamezidi uwezo wa ardhi, na mmomonyoko wa udongo, ambao kwa haki ulikuwapo, ukawa hoja ya kuwapunguza mifugo kwa nguvu: ng'ombe wakahesabiwa, wakatiwa alama, wakanadiwa kwa bei duni, wengi wakaishia katika kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River. Mwezi wa Julai mamia kwa mamia ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi pamoja na kiongozi wao Muindi Mbingu, wakapiga kambi wakimtaka Gavana awasikilize ana kwa ana. Na baada ya majuma kadhaa Gavana Brooke-Popham akaja Machakos. Uuzaji wa nguvu ukaachwa, Muindi Mbingu akapelekwa uhamishoni Lamu. Kwa rai yangu, mtu asiyeyajua mambo ya 1938 asishangae anapomwona mzee wa Ukambani akiwadanganya kwa adabu makarani wanaomwuliza ana mbuzi wangapi. Yeye anajua hesabu huenda ikamrudia.

Miaka ya posta na simu za kuunganishwa kwa mkono wa karani nitaipita upesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake la posta na simu, nalo likagawanywa mwaka 1999, na katika muda huo simu zilifika makao makuu ya wilaya na masoko makubwa, zikafanya kazi siku zilipopenda. Kisha wezi wa shaba wakazikata nyaya, wakaziuza kwa kilo. Simu za mkononi zilipoenea, na M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, raia wa Ikutha na Kathonzweni wakawa wameitangulia serikali yao: mama muuza pojo aliweza kupokea fedha kutoka Mombasa kwa dakika moja, ilhali ofisi ya wilaya ikitaka fedha zake kutoka Hazina ilingoja gari.

Serikali ikaanza kukimbia ili imfikie muuza pojo. Mfumo wa kusimamia fedha za umma, ambao kila mtumishi huuita Ifmis, uliingizwa mwaka 2003. Idara ya serikali-mtandao ikaundwa mwaka 2004. Mwezi wa Juni 2009 waya wa baharini wa TEAMS, uliotoka Fujairah katika Imarati, ukazinduliwa Mombasa. Na katika miaka hiyo hiyo zikaanza kulazwa ardhini nyuzi za kioo, faiba kama wasemavyo vijana, kwa mradi wa taifa wenye shabaha ya kufika kila makao makuu ya wilaya. Na faiba kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilipita wapi? Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud. Wahandisi wa karne hii, pamoja na elimu yao yote, walifuata nyayo za reli, maadamu ndipo palipo na barabara, na Kitui ikangoja tawi kwa mara ya pili.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyoigeuza hali, si waya. Kaunti zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Wote ya Makueni na Kitui, miji iliyokuwa ikipokea amri, ikawa na hazina, bunge na bajeti zake, na kwa hiyo ikalazimika kuwa na habari zake yenyewe. Malipo ya kaunti yakapitia Ifmis ile ile, hata ikawa mtandao ukizimika, mkandarasi wa bwawa huko vijijini naye husimama. Sokoni vitabu vya risiti vyenye karatasi ya kaboni, ambavyo kila mfanyabiashara alijua kwamba vina nakala mbili na ukweli mmoja, vikapisha mashine ndogo za mkononi. Nawe ukipita soko la Kalundu huko Kitui siku ya gulio utamwona mtoza ushuru ameinua mashine yake juu ya kichwa, kama mtu anayeomba mvua, anatafuta mawimbi.

Na katika pembe ya kaskazini ya Makueni, mahali palipoitwa shamba la Malili, serikali ilinunua ekari 5,000 za kujenga mji wa teknolojia wa Konza, na Rais Mwai Kibaki akaweka jiwe la msingi mwezi wa Januari 2013. Konza ilikuwa stesheni, nayo ndiyo njia panda ya reli iendayo Magadi. Mji wenyewe umekawia mno, na wenye kejeli hawakukosa la kusema. Lakini Kituo cha Taifa cha Data kimesimama humo, na taarifa za idara za dola hutunzwa katika seva zilizo ndani ya ardhi ya Wakamba, mwendo mfupi kutoka vijiji ambavyo bado huchota maji mchangani.

Nilipata kuwa na haja ya hati katika ofisi moja, ambayo sitaitaja. Karani, kijana mwenye heshima, akaniambia, "Mzee, mtandao umepotea, labda urudi kesho." Kesho yake mtandao ulikuwapo, na jina nililolitafuta halikuwapo. Akajaribu tena na tena, kisha akainuka, akafungua kabati la chuma nyuma ya mashine ya kunakili, akatoa daftari kuukuu lililofungwa kwa uzi wa kiatu, mistari yake myekundu imefifia, akapitisha kidole chini taratibu mpaka akalifikia. Daftarini limeandikwa Kyalo. Aliyelichapa katika mashine aliandika Kialo. Kwa jicho la binadamu ni jina moja. Kwa mashine ni watu wawili, na mmoja hajazaliwa. Mwezi wa Julai 2023, huduma za serikali za mtandaoni, eCitizen, ziliposhambuliwa na wadukuzi nchi nzima, serikali ilizungumza sana juu ya maadui wa nje, nami nikamkumbuka karani huyu na kidole chake. Serikali imeahidi kulaza kilomita 100,000 za faiba. Sijasikia ahadi ya kulipa watu wakae Kitui na Wote wakisahihisha majina, herufi kwa herufi, pamoja na wenye majina yao, na hiyo ndiyo kazi ningeitanguliza mimi.

Anayependa kuiona mizizi ya habari hizi na aende Nairobi, Moi Avenue, katika Nyaraka za Taifa, aombe faili za wilaya. Za Kitui zina alama DC/KTI. Makueni asiitafute kwa jina lake, kwani haikuwa wilaya hadi 1992. Habari zake za kikoloni zimo katika faili za Machakos, DC/MKS, na karatasi zake bado zinasomeka.