Udhurikaji kwa mionzi

Wanawake wawili wenye saratani ya titi wanaweza kupewa dozi ileile ya mionzi, tuseme grei 50 katika vipindi 25, ngozi ya mmoja ikawa nyekundu kidogo tu, ya mwenzake ikachubuka na kutoa majimaji. Tofauti hiyo ndiyo udhurikaji kwa mionzi: jinsi mwili wa mtu, au seli zake, unavyoumia kwa kipimo fulani. Wapo wanaopendelea "unyeti wa mionzi". Mimi siupendi. Unasomeka kana kwamba mionzi ndiyo nyeti, tena neno lenyewe limekwisha kushikwa na siri za serikali na sehemu za mwili zisizotajwa mbele ya wakwe.

Grei moja ya eksirei hukata nyuzi zote mbili za DNA mahali 20 hadi 40 hivi katika kila seli. Mkato huo ndio mbaya, maana haubaki uzi mzima mkabala wake wa kufuatishwa. Seli ina vimeng'enya vya kuunga ncha, lakini sharti viitwe. Mpiga yowe ni protini iitwayo ATM: mkato ukitokea, huamsha protini nyingine chungu nzima na kuizuia seli isigawanyike kabla haijakarabatiwa.

Jeni ya protini hiyo, iliyo kwenye kromosomu ya 11, ilitambuliwa mwaka 1995 na timu ya Yosef Shiloh wa Tel Aviv. Athari za ubovu wake zilijulikana zamani. Watoto wenye ataksia-telanjiektasia, ambao huyumba wakitembea na macho yao hutokeza vishipa vyekundu, waliungua vibaya walipotibiwa saratani kwa dozi za kawaida. Wao wamerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi moja tu haugui hivyo, ingawa mwanamke wa namna hiyo huwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya titi.

Wengi wetu hatumo katika makundi hayo. Tofauti zetu hutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na hapo ongeza sigara, kisukari na hata ukubwa wa titi. Ndiyo maana hakuna jeni moja ya kupima. Dozi za hospitali hupangwa kwa kuwachunga wachache wanaodhurika upesi. Wengi waliobaki huenda wangestahimili zaidi, na uvimbe wao ukapigwa kwa nguvu zaidi.