Fidia ya Ajali Sekenke: Kutoka Dhima ya Mwajiri hadi Mfuko wa Fidia

Sekenke, wilayani Iramba, hujulikana kwa machimbo ya dhahabu na kwa mlima wenye ajali za magari. Insha hii inajadili namna sheria ilivyobadili njia ya majeruhi kupata haki.

Dhahabu ilianza kuchimbwa hapo enzi za Wajerumani. Mwaka 1916 ilitumika kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Waingereza walitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyomtwika mwajiri mzigo wa kulipa. Mgogoro ulipelekwa mahakamani, na kikomo cha malipo hakikwenda na wakati: hadi miaka ya 2000 kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu.

Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 ilihamishia dhima hiyo kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Asiyeridhika huomba mapitio kwa Mkurugenzi Mkuu, hukata rufaa kwa Waziri, kisha huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Dereva wa lori aliyeajiriwa, akiumia mlimani akiwa kazini, hupita njia hiyo; abiria hudai kwa bima ya gari.

Hata hivyo, kila dai kwa Mfuko hutanguliwa na swali moja: je, majeruhi ni mwajiriwa? Mchimbaji mdogo anayelipwa kwa mgawo wa mawe ya dhahabu, bila mkataba wala mshahara, hana jibu jepesi. Kwake, mageuzi yalibadili mlipaji bila kumfungulia mlango.